Boti Inapopita Ruiru

Eastern Bypass huileta Ruiru kila aina ya mizigo kutoka Mombasa Road: vyuma, saruji, mbuzi, sofa zilizofungwa nailoni. Mara chache hupita boti. Huja nyuma ya pikapu, juu ya trela la magurudumu manne, imefungwa turubai, omo ikitazama mbele. Walioketi kula nyama Kamakis hutoa simu na kuipiga picha. Mimi humtazama dereva. Ameitoa Mombasa, akapanda nayo kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,500, na safari bado: pengine anapitia Thika na Matuu kwenda Bwawa la Masinga, pengine Isiolo na Marsabit hadi Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Kazi yake ni ufundi kamili, na inastahili heshima tunayowapa maseremala na mafundi injini.

Ufundi huo huanza kabla ya safari. Boti husogezwa juu ya trela kidogo kidogo hadi uzito uelemee mbele ya ekseli kiasi. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba yapata sehemu moja kwa kumi ya uzito wote iangukie pale trela linapoungana na pikapu. Ikizidi sana, pikapu hukaa chini nyuma, na magurudumu ya mbele hukosa mshiko wa kukata kona. Ikipungua, ndipo penye hatari kubwa. Injini ya boti hutungikwa tezini kabisa, na uzito ukilalia huko trela huanza kuyumba kushoto na kulia, likiivuta pikapu mkia, na kila mwendo unapoongezeka ndivyo linavyozidi. Mgeni wa kazi hukanyaga breki kwa hofu, au hukata usukani kulifuata trela, na hapo ndipo gari hulala. Mzoefu huachia mafuta, hushika usukani wima, hungoja mwendo ushuke wenyewe. Kisha huegesha, hushuka, huupanga mzigo upya.

Toyota Hilux ya kisasa ya dizeli imeruhusiwa na watengenezaji wake kuvuta hadi tani 3.5, mradi trela liwe na breki zake. Bila breki ni kilo 750 tu. Pengo hilo linaeleza mengi. Injini itapanda na mzigo; kuuzuia ni kazi ya breki. Ni kwenye mteremko wa kushuka Sagana ndipo utakapojua kama dereva aliingiza gia ndogo mapema.

Kuna jambo jingine ambalo wapita njia hawalioni. Trela la boti huingizwa majini, na maji ya Mombasa yana chumvi. Beringi zikiwa bado moto kwa safari zikatumbukizwa baharini, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Grisi huharibika polepole, na siku moja gurudumu linang'oka barabarani. Ndiyo maana dereva mzuri kila anaposimama huzunguka trela na kusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila habu. Vuguvugu, sawa. Ikichoma, safari imekwisha mpaka ifunguliwe, isafishwe na kutiwa grisi mpya. Utingo naye hukaza mikanda, kwa sababu mkanda uliokazwa Mariakani umeshalegea Mtito Andei.

Kuvuta boti nchi kavu si jambo jipya Afrika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika kwa reli, matrekta ya mvuke na ng'ombe, wakapigane na Wajerumani. Jina la kamanda, Spicer-Simson, limo vitabuni. Waliowaswaga ng'ombe na kukata miti njiani ni nadra kutajwa kwa majina, na hilo huniuma.

Kilele cha kazi ni kurudi nyuma hadi majini. Pale Masinga, bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981, dereva hushika usukani kwa chini, mkono mmoja. Anakotaka trela liende, ndiko mkono unakokwenda. Utingo amesimama ukingoni: "Lete, lete, lete... kidogo kulia... hapo!" Asiye na subira hulikunja trela likaligonga gari. Mwenye kazi yake akiona limeanza kwenda kombo husogea mbele, hulinyoosha, huanza tena bila haya.

Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilizinduliwa mwaka 2012 na imewarahisishia madereva hawa mengi. Lakini kati ya Ruiru na Thika nafasi anayoiacha dereva mbele yake ndiyo breki yake, na matatu huiona kama mwaliko. Wewe unayeendesha njia hiyo, ukikuta pikapu inavuta boti, usijichomeke mbele yake. Mwachie nafasi.