Kuchimba na Kuburuga: Kazi ya Trekta katika Mabonde ya Unguja

Kulima bonde la mpunga kwa trekta Unguja ni kazi mbili, na kila moja ina jina lake. Ya kwanza ni kuchimba, yaani kuukata na kuupindua udongo uliolala tangu mavuno. Ya pili ni kuburuga, yaani kuyavunja mabonge yaliyoachwa na uchimbaji mpaka udongo ukubali mbegu. Mkulima huzihitaji zote mbili, zikipishana kwa siku kadhaa, na zana inayofungwa nyuma ya trekta, mwendo wake na hata magurudumu yake hutegemea ni ipi inayofanywa.

Eneo linalolimika kwa trekta ni dogo kuliko ramani inavyoonesha. Kisiwa kina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,600, lakini ukanda wa mashariki, kutoka Matemwe kuteremka hadi Makunduchi, sehemu yake kubwa ni mawe ya matumbawe, nchi ambayo wenyeji huiita maweni na uwanda. Huko udongo umejikusanya katika vishimo baina ya mawe, na zana zake ni mtaimbo na jembe la mkono. Plau likiingizwa humo halifiki mbali kabla ya kuvunja kitu. Magharibi na katikati ya kisiwa ndiko kwenye udongo wa kina: kinongo chekundu, mchanga, kichanga, na mabondeni kinamo, udongo mzito unaoshika maji. Kinamo cha Cheju, Kibokwa, Mtwango, Bumbwisudi, Kinyasini na kwengineko ndicho kinachoyapa matrekta kazi yake kubwa.

Kinamo kina tabia mbili zisizopatana. Kikikauka hupasuka nyufa na kuwa kigumu, sahani za plau zikateleza juu yake au zikang'oa mabonge makubwa kama ndoo. Kikilowa sana hunata kwenye chuma, matairi yakazunguka pahali pamoja, na kila mzunguko ukazidi kulididimiza trekta. Baina ya hali hizo mbili pana muda mfupi wa kuchimba vizuri. Dereva mzoefu huupima kwa mkono: huchota udongo kutoka kina ambacho plau litafika, akauviringisha baina ya viganja. Ukitoka uzi mwembamba usiokatika, bado una maji mengi. Ukikatika vipande kabla uzi haujawa mwembamba, wakati umefika.

Kwa mpunga wa mvua, muda huo huangukia baina ya Desemba na Februari, pale mvua za vuli zimeshaacha unyevu na masika ya Machi hadi Mei bado hayajaja. Taabu ni kwamba huangukia kwa mabonde yote kwa pamoja. Matrekta ya Serikali, ambayo karakana yake iko Mbweni, hutakiwa kila bonde katika wiki zile zile chache. Kwa hiyo trekta bovu mwezi wa Januari ni hasara kubwa kuliko trekta bovu mwezi wa Agosti, na hesabu yoyote ya idadi ya matrekta isiyotaja ni mangapi yanayotembea mwezi huo haina maana kubwa.

Zana hufungwa nyuma ya trekta kwa mikono mitatu: miwili ya chini, inayovuta na kunyanyuliwa kwa haidroliki, na mmoja wa juu katikati, unaosukumwa. Mpango huu ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland, aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1926, na ulienea duniani baada ya kuwekwa kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939. Kabla yake plau lilivutwa kama mkokoteni, na likikwama kwenye jiwe trekta lilikuwa na hatari ya kuinuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Kwa mikono mitatu, udongo ukiwa mzito plau huusukuma mkono wa juu kwenda mbele. Haidroliki huihisi nguvu hiyo na kulinyanyua plau kidogo mpaka mzigo upungue, kisha hulirudisha chini. Hapo hapo uzito wa plau na wa udongo huegemea magurudumu ya nyuma na kuyaongezea mshiko. Ndiyo sababu trekta la wastani, la nguvu za farasi 50 hadi 75, linaweza kuchimba kinamo ambacho kwa uzito wake peke yake lisingekiweza.

Kwa kuchimba, zana inayofaa hapa ni plau la sahani. Plau la ubao hupindua udongo vizuri zaidi, lakini ncha yake hunasa kwenye kila kisiki na kila jiwe. Sahani huzunguka, na ikikutana na jiwe hulipanda na kuendelea. Upungufu wake ni kwamba haijivuti chini yenyewe. Huingia kwa uzito tu, na kwa hiyo maplau haya hutengenezwa mazito. Sahani ina pembe mbili za kurekebishwa: ile inayoielekeza upande wa mwendo, ya nyuzi 42 hadi 45, na ile ya kuilaza nyuma, ya nyuzi 15 hadi 25. Kadiri inavyosimama wima ndivyo inavyoingia vyema kwenye udongo mkavu na mgumu. Katika kinamo kinachonata hulazwa zaidi. Madereva wengi huiacha pembe ilivyotoka kiwandani mwaka hadi mwaka, kisha lawama wakazitupa kwa udongo.

Umbo la shamba hula muda zaidi kuliko inavyodhaniwa. Plau la sahani tatu hukata upana wa kama sentimita 80. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kuimaliza ni kutembea kilomita tano na kidogo, na kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa hiyo ni saa moja ya kuchimba tupu. Ekari ikiwa mraba wa mita 64 kwa 64, dereva hupita mara 80 na kugeuza karibu mara 80. Kila mgeuzo ukichukua sekunde 20, dakika 27 zimekwenda bila ya udongo kukatwa. Ekari hiyo hiyo ikiwa na urefu wa mita 128 na upana wa 32, mapito ni 40 na migeuzo huchukua dakika 13. Ardhi ya Unguja iligawiwa wananchi kwa ekari tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mirathi imeendelea kuikata. Majirani wanaokubaliana kuchimbiwa kwa mkupuo mmoja, trekta likapita moja kwa moja kutoka kipande hadi kipande, huokoa muda na mafuta bila ya kununua chombo chochote.

Kuburuga kuna njia mbili. Haro ya sahani huvutwa tu, na visahani vyake vilivyopangwa kwa safu hukata mabonge. Ni ya haraka na huvumilia mawe madogo. Rotaveta huendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, inayozunguka mara 540 kwa dakika, na visu vyake husaga udongo kwa pito moja au mawili. Kwenye jaruba lenye maji rotaveta haina mpinzani: hugeuza kinamo kuwa tope laini, huzika magugu, na chini ya tope huacha tabaka lililoshindiliwa linalozuia maji yasipotee. Katika kazi hii matairi huongezewa magurudumu ya chuma yenye vibao ili trekta lisizame.

Tabaka hilo hilo linalotafutwa jarubani ni balaa kwenye shamba la muhogo au la mboga. Mzizi hulifikia ukapinda, na mvua hutuama juu yake. Mwenye shamba la kinongo anayesagiwa kwa rotaveta kila msimu kwa sababu linatoka zuri machoni anajitengenezea sakafu chini ya ardhi. Kwake haro moja baada ya kuchimba inatosha, na kina cha plau kibadilishwe mwaka hadi mwaka. Chini ya minazi mizizi iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo mashine ya kufyekea, au haro ya juu juu katikati ya safu, ndiyo salama.

Msimu wa kulima ukipita, trekta huishi kwa tela: mbolea, mchanga, matofali, mavuno. Tela lifungwe kwenye chuma cha chini kabisa cha kuvutia. Kamba au mnyororo wa kung'olea kisiki ukifungwa kwenye mkono wa juu huvuta juu ya ekseli ya nyuma, na trekta huweza kupinduka chini ya sekunde mbili, muda usiomtosha dereva kukanyaga klachi. Kifuniko cha shafti ya nyuma nacho kisitolewe. Kanga, kanzu au mkono wa shati ukigusa shafti iliyo wazi huvutwa pamoja na mwenyewe.

Hewa ya chumvi ya kisiwani huongeza kazi moja isiyoandikwa sana. Sahani zikiachwa na udongo mbichi usiku mmoja huanza kushika kutu, na chuma chenye kutu hakitelezi tena kwenye kinamo. Zioshwe, zikaushwe na kupakwa mafuta machafu ya injini kabla ya kuwekwa, na bawaba zote zijazwe grisi. Trekta likishaondoka bondeni, pembe nne za kila shamba, ambazo plau haliwezi kuzifikia, hubaki za jembe la mkono.