Sumaku Chini ya Ubao

Wakusanyaji wa kompyuta za zamani za sataranji hupenda kuuliza kwanza: inacheza vizuri kiasi gani? Kwa mashine ya mwaka 1983 swali hilo halina faida. Simu iliyo mfukoni mwako ingeifunga bila kutoa jasho.

Chukua Grandmaster ya Milton Bradley. Ukimaliza zamu yako, kimya. Kisha chini ya ubao unasikika mngurumo: mota zinaisogeza sumaku mpaka inafika chini ya kete inayotakiwa, na kete inateleza yenyewe. Akila kete yako, kwanza anaiburuta hadi pembeni, bila haraka, ndipo anakalia nafasi yake. (Ndiyo, “anakalia”. Ngeli ya vitu inanishinda hapa.)

Uzuri wake wote uko kwenye farasi. Kwa sheria za mchezo farasi huruka, lakini sumaku haiwezi kurusha kitu juu ya kingine. Kwa hiyo farasi wa Grandmaster hupenya kwenye mistari kati ya miraba, akipishana na askari waliotengenezwa wembamba makusudi. Robot Adversary ya Novag, ya 1982, ilitatua jambo hilohilo kwa mkono wa roboti unaoinua kete na kuiweka. Unapendeza kutazama, lakini unamaliza fumbo lote mara moja, maana unamwona anayecheza. Mhispania Leonardo Torres y Quevedo alishaipitia njia hii: mashine yake ya kwanza, ya 1912, ilicheza mfalme na ngome dhidi ya mfalme, katika ile ya 1920 sumaku zilifichwa chini ya ubao.

Na kabla yao kulikuwa na “Mturuki” wa Wolfgang von Kempelen, wa 1770, mashine ya uongo iliyoficha mtu tumboni. Humo pia mlikuwa na sumaku, ila zilifanya kazi kinyume: zilimjulisha yule mtu kete ipi imesogezwa juu. Katika Grandmaster habari inatoka chini kwenda juu, na ndani hamna mtu. Ndiyo maana mchezaji huinama kuchungulia, ingawa anajua kilichomo. Mbao za siku hizi zinazosogeza kete kwa intaneti zimemrudisha mtu, safari hii yuko nchi nyingine, na kwangu zimepoteza ule msisimko.

Kwa hiyo siwaelewi wanaolipa zaidi kwa boksi ambalo halijafunguliwa. Wananunua plastiki. Mota ikikwama, ibadilishwe. Kifaa kisichosogeza kete ni ubao mzito tu. Ninapositasita ni kwenye ukimya: fundi akiweka mota mpya isiyonguruma, farasi atapita vilevile, lakini hutasikia tena kwamba kuna kitu kinakuja.