Amri ya dakika ya 119

Katika mpira wa Kimarekani unaochezwa vyuoni, mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, na kocha hutuma amri: mpira upite huku, fulani akimbilie kule. Soka haimpi kocha nafasi hiyo. Filimbi ikishapulizwa wachezaji huamua wenyewe, na kelele za pembeni mwa uwanja hazifiki mbali. Hata hivyo soka nayo ina nyakati zake za kusimama: kona, faulo, penalti, mchezaji kutoka na mwingine kuingia. Sébastien Desabre, Mfaransa aliyekabidhiwa timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, ameijenga timu hiyo, Léopards, juu ya nyakati hizo. Walinzi wake wana kazi moja kubwa, kuhakikisha mechi haijapotea mpaka mpira usimame na amri ya kocha iweze kufanya kazi.

Tazama Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Kongo ilitoka sare 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, 0-0 na Tanzania, kisha 1-1 na Misri, ambayo iliondolewa kwa penalti 8-7 baada ya kipa Lionel Mpasi kufunga ya mwisho kwa mguu wake mwenyewe. Timu ikafika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo. Kwa mechi saba za mashindano yote iliruhusu mabao matano tu, wala haikufungwa zaidi ya bao moja katika mechi yoyote. Ushindi pekee uliopatikana mpira ukichezwa ulikuwa wa 3-1 dhidi ya Guinea, na mechi hiyo ndiyo inayofichua mpango mzima. Chancel Mbemba alisawazisha kutokana na kona. Yoane Wissa akafunga penalti. Arthur Masuaku akapiga faulo kutoka pembeni ikaingia moja kwa moja. Hata bao la Guinea lilikuwa la penalti. Mabao manne, na hakuna lililotokana na pasi za kawaida. Kuhusu Masuaku mtu anaweza kusema alikusudia krosi, na huenda ni kweli. Lakini mpira unaopigwa kwa nguvu kati ya kipa na kundi la wachezaji ni hatari auguse mtu au asiuguse, na ndiyo sababu hupigwa hivyo.

Miezi ishirini na moja baadaye, mjini Rabat, katika mechi za mchujo za kufuzu Kombe la Dunia, mtindo ulikuwa uleule. Tarehe 13 Novemba 2025 Kamerun ilizuiwa hadi dakika tisini zikaisha, ikaja kona, Mbemba akafunga katika muda wa nyongeza. Siku tatu baadaye Nigeria ilitangulia mapema kwa bao la Frank Onyeka, Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, na mechi ikasogea hadi dakika ya 119. Hapo Desabre alimtoa Mpasi, yuleyule shujaa wa mechi ya Misri, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Fayulu akaizuia ya Semi Ajayi, Mbemba akafunga iliyofuata, Kongo ikapita 4-3. Wakongo wenye umri mkubwa wanajua kubadilisha kipa si dawa ya kila ugonjwa. Katika Kombe la Dunia la 1974 nchini Ujerumani Magharibi, kocha Blagoje Vidinić alimtoa kipa Kazadi Mwamba zikiwa zimepita dakika ishirini hivi, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikiwa nyuma 3-0 mbele ya Yugoslavia. Tubilandu akaingia, na karibu kazi yake ya kwanza ikawa kuokota mpira wavuni. Matokeo yakawa 9-0. Kinachotenganisha maamuzi hayo mawili ni wakati na shabaha: Vidinić alibadilisha mtu huku tatizo likiwa kwenye safu nzima ya ulinzi, Desabre alibadilisha mtu kwa kazi moja inayofanywa na mtu mmoja.

Wapo watakaosema penalti ni bahati nasibu, na kwamba mshambuliaji wa Nigeria Victor Osimhen aliumia na hakurudi kipindi cha pili. Hoja ya kwanza haina nguvu sana. Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, alifanya vivyo hivyo na kipa Tim Krul dhidi ya Costa Rica katika Kombe la Dunia la 2014, na Krul akaokoa mbili. Kocha anayeiona penalti kuwa bahati tupu hatunzi nafasi ya kubadilisha mchezaji kwa saa mbili akiisubiri. Hoja ya pili ni nzito zaidi, lakini inaigeukia Kongo yenyewe. Osimhen akiwa nje, Léopards walikuwa na kipindi kizima na muda wa ziada, na hawakufunga.

Huo ndio udhaifu wa mpango huu. Katika nusu fainali ya 2024 dhidi ya Côte d'Ivoire wachezaji walisimama wakati wa wimbo wa taifa wameziba midomo, vidole viwili vikielekezwa kichwani kama bastola, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki mwa Kongo. Ujumbe huo ulifika kabla ya mpira kuanza. Mechi yenyewe ilikwenda kinyume. Mshambuliaji Cédric Bakambu alipachika bao mapema, mwamuzi akalikataa kwa sababu alimchezea kipa faulo, na Sébastien Haller wa Côte d'Ivoire alipofunga dakika ya 65 Kongo ilikosa njia ya kurudi. Timu iliyozoea kulinda sare haijazoea kukimbiza bao. Desabre anastahili sifa zote za dakika ya 119. Lakini kati ya dakika ya 65 na ya 90 anadaiwa washambuliaji wanaojua la kufanya bila kusubiri filimbi.