Sikio Kwanza, Macho Baadaye: Kukagua Chumba Kinachoiga Maumbile

Siku hizi hoteli, mkahawa na hata ofisi ya wakili havikosi ukuta wa majani ya kijani. Ukiyagusa, mengi ni plastiki. Mwenye mahali atakwambia wateja hutulia wakiona kijani, na hasemi uongo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linaloangalia miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Lakini hebu keti kwenye mkahawa huo mchana, watu wamefurika. Vijiko vinagonga sahani, kiti kinaburutwa juu ya marumaru, na wewe unampigia kelele mwenzako mnayekula naye sahani moja. Macho yako msituni, masikio yako stendi ya mabasi.

Mimi hukagua vyumba hivi kwa sikio kwanza. Msitu unatuliza kwa sababu sauti ikishatoka hairudi yote, na hicho kidogo kinachorudi kinarudi kimetawanyika, hakina ncha. Chumba kinachodai kuiga msitu kifanye kazi hiyo. Kisipoifanya ni picha ya msitu, na picha ni rahisi zaidi kuinunua dukani.

Ingia chumba kikiwa kitupu, simama katikati, upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa haraka, trrrr, ujue kuna kuta mbili tupu zinazotazamana na sauti inakimbia kati yake. Ukisikia mkia mrefu unaofifia polepole, chumba kina vitu vigumu vingi mno. Kisha mwambie mwenzako aende pembeni, akupe mgongo, asome namba kwa sauti ya kawaida: sita, saba, sitini, sabini. Konsonanti ndizo hupotea kwanza. Ukichanganya sitini na sabini, chumba hicho hakifai darasa wala zahanati, hata kama dari lake limechongwa maua. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwangwi wa darasa uwe karibu na sekunde 0.6, na kelele inayoingia wakati wa masomo isizidi desibeli 35. Kwa chumba cha kulala usiku ni desibeli 30.

Aliyetufundisha kuupima mkia huo wa sauti ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kuuponya ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg, ambao sauti ilibaki ikielea humo kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku, mji ukiwa kimya, alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akiiongeza na kuipunguza, na kupima muda ambao sauti inachukua kufa. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi: sauti ikitoka nje haina marejeo, kwa hiyo alilihesabu dirisha kuwa mnyonyaji kamili, na kila kitu kingine akakilinganisha nalo. Mtu wa Pwani hahitaji hesabu kubwa kuelewa hili. Banda lisilo na kuta limeshamaliza kazi kabla fundi hajaleta hata zulia moja.

Juu ya banda hilo huwa kuna makuti, na hapa sina haya kusema kwamba sijaona paa linaloshinda makuti kwa utulivu. Jani la mnazi likikunjwa juu ya ufito na kushonwa, kisha safu moja ikalala juu ya nyingine, hutokea tabaka nene lenye mianya isiyohesabika. Sauti ikiingia humo husugua hewa kwenye nyuzi mpaka nguvu yake inageuka joto kidogo tu lisilohisika. Ukikagua, simama chini yake utazame juu. Safu ziwe zimebanana. Ukiona vitundu vya mwanga kila mahali, makuti yamepangwa kwa ubahili na hayatanyonya sauti wala kuzuia maji. Kipimo kikubwa ni mvua. Chini ya mabati mwalimu hunyamaza mpaka ipite. Chini ya makuti mazuri unasikia mchirizo wa maji pembeni na mazungumzo yanaendelea. Yapo makuti ya plastiki, ambayo hoteli huyachagua kwa hofu ya moto, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ila plastiki haina mianya ndani ya unyuzi wake, kwa hiyo usilipie ukidhani utapata utulivu uleule.

Wanaojenga vyumba vilivyofungwa watakuletea vibao vya kunyonya sauti: vya sufi iliyoshindiliwa, vya nyuzi za mbao zilizochanganywa na saruji, vya makumbi ya nazi, vya katani. Kuvitambua kuna hila ya kizamani. Kiweke kibao mdomoni ukipulize. Pumzi ikigoma kabisa, hicho ni ukuta uliovaa nguo. Ikipita kama hakuna kitu, sauti nayo itapita, igonge ukuta na kurudi. Kinachofaa hukubali pumzi kwa ubishi kidogo. Kisha uliza unene, na usikubali kujibiwa rangi. Wimbi la sauti ya hezi 1000, ambayo imo katikati ya usemi wa binadamu, lina urefu wa sentimita 34 hivi. La hezi 100, ile besi ya spika za jirani, linakaribia mita tatu na nusu. Kibao cha sentimita moja kilichogundishwa ukutani hunyonya mlio wa vijiko na kuiacha besi itambe. Fundi anayejua kazi atakiachia nafasi nyuma, sentimita 5 au 10 za hewa, na kibao kilekile kitafanya kazi kubwa zaidi. Na asikipake rangi ya mafuta baadaye. Rangi nzito huziba mianya, na pesa yako imezikwa humo.

Hapa huwa kuna udanganyifu mmoja wa kisomi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wameonyesha kwamba magamba ya mabawa ya nondo hunyonya sauti vizuri ajabu licha ya wembamba wake. Nondo anahitaji hivyo ili popo asimwone kwa mwangwi. Ni ugunduzi mzuri sana. Lakini sauti ya popo ni nyembamba mno, imepita uwezo wa sikio letu. Muuzaji akikutajia nondo ili akuuzie karatasi ya milimita chache kwa ajili ya chumba cha mkutano, mwombe kwanza akuonyeshe vipimo vya hezi 250 na 500.

Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zinahitaji kukaguliwa kwa namna nyingine, maana chokaa ni ngumu na hainyonyi kitu cha maana. Uzuri wake uko kwenye uzito na kutolingana. Ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa nusu mita hivi huzuia sauti ya mtaani kwa uzito wake wenyewe, jambo ambalo sponji na majani hayaliwezi kamwe. (Watu wengi huchanganya mambo haya mawili: kunyonya mwangwi wa ndani na kuzuia kelele ya nje. Sufi haimzuii jirani.) Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haufiki mita 3, na ndizo zinazoitawanya sauti darini: kila boriti imelala sambamba na nyenzake, na kati yake pana mwanya. Wakarabati wengi huficha boriti hizo juu ya dari bapa la jipsamu ili chumba kionekane safi. Piga kofi kabla na baada ya ukarabati wa namna hiyo, utajua kilichopotea.

Zidaka nazo, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu ukutani mwa chumba cha ndani, ziliwekewa vyombo vya kaure na vitabu. Sidai kwamba mafundi wa karne ya 18 walikuwa wakipiga hesabu za mwangwi. Ninachojua ni kwamba ukuta wenye mashimo ya vina mbalimbali hauwezi kurudisha sauti kwa pigo moja. Zidaka za kisasa za hotelini huchorwa tu, kina chake sentimita 2 au 3, na hazigusi ila milio myembamba kabisa. Ingiza mkono: kidaka cha kweli humeza kiganja kizima na zaidi.

Mkunjo ndio unaowaponza wasanifu wengi. Wanapenda kombe la baharini, yai, pango. Uso uliobonyea kuelekea ndani hukusanya sauti mahali pamoja. Simama chini ya kuba useme neno, litarudi kichwani mwako kwa nguvu. Mkunjo huo ukiwekwa kwa makusudi hufaa. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, imebonyea, na imamu anayeuelekea ukuta huku akiwapa mgongo maamuma husaidiwa na umbo kama hilo kuirudisha sauti yake nyuma. Lakini dari zima la mgahawa likifanywa kombe, meza moja itasikia siri za meza nyingine. Uso unaofaa chumba cha watu wengi ni wa mawimbi yanayotokeza kuelekea chini. Alvar Aalto alifanya hivyo katika ukumbi wa mihadhara wa maktaba ya Viipuri, iliyokamilika mwaka 1935 katika mji uliokuwa wa Ufini na sasa uko Urusi. Dari la vipande vya mbao linapanda na kushuka ili aliye nyuma asikie kama aliye mbele, na akiuliza swali asikike pia.

Kuhusu mimea ya kweli nitasema kidogo. Majani hutawanya milio myembamba tu. Udongo wenye mianya ndio unaonyonya. Chungu kipana chenye udongo mwepesi kina faida kuliko mchikichi mmoja mrembo uliosimama kwenye kopo. Chemchemi ya ndani isikilize kwa kuipa mgongo: ukisikia mvumo wa pampu chini ya mlio wa maji, imeshindwa. Maji yanayoangukia maji mengine hufunika mazungumzo ya jirani kwa upole kuliko yanayopiga chuma. Sauti za ndege zinazotoka kwenye spika zina kasoro moja kubwa, hujirudia, na mhudumu anayefanya kazi humo kutwa nzima ameshajua yule kurumbiza atalia lini.

Usipitilize pia. Chumba kilichojaa vibao mpaka sauti inakufa mdomoni huchosha. Studio ya kurekodi inakihitaji kifo hicho, sebule haikihitaji. Ukisema neno na likaonekana limemezwa na godoro, toa vitu. Na kabla ya kutoa hukumu ya mwisho rudi saa ya kazi, maana watu na nguo zao hunyonya sauti vilevile. Kanisa linaloguruma siku ya Jumatano huweza kuwa tamu Jumapili likijaa, na kwaya ingedhurika kama ungelizika chini ya mazulia. Kwa makuti ongeza ukaguzi wa mchwa kwenye nguzo, umbali wa jiko, na mahali ndoo za mchanga na maji zilipo.