Spana Zinabaki Kwenye Gunia

Pamba ikishaanza kumiminika kutoka Itilima, Meatu na Maswa, foklifti ya kiwandani haina Jumapili. Kinu kinatema nyuzi, mashine ya kufunga inazibana kuwa marobota ya kilo 200 hivi, na hakuna robota linalojitembeza lenyewe. Siku foklifti inapong'ang'ania gia katikati ya uwanja, malori yanapanga foleni getini, marobota yanajaa mlangoni, na kila mwenye cheo anapaza sauti. Hapo ndipo fundi na mwenye sanduku la spana huachana njia.

Fundi ninayemsifu hapa vijana wa Bariadi humwita Mzee tu, inatosha. Kazi aliijua enzi za SHIRECU, chama kikuu cha ushirika cha Shinyanga, Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya mkoa huo. Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ikiwa ndani yake, tayari alikuwa na mvi. Vyama vikayumba, soko la pamba likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi miaka ya 1990, vinu vikabadilisha wenyewe na rangi za mabati. Foklifti hazikubadilika sana. Nyingi ziliingia zikiwa kuukuu kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, zikiwa na vibandiko vya maelezo ambavyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuvisoma. Kitabu cha mashine hakikuja nayo. Mzee ndiye kitabu.

Nilimwona akiitwa kwenye moja ya hizo, ya dizeli, yenye stiki ya mbele na nyuma pembeni ya usukani. Dereva alimpokea kwa hukumu: "Mzee, gia boksi imekufa."

"Imekufa au imekwama?"

Dereva akanyamaza. Mzee akaanza kuuliza, polepole, huku anaizunguka mashine kama mfugaji anavyomzunguka ng'ombe aliyegoma kunyanyuka. Ulikuwa unakwenda mbele au unarudi nyuma? Ulibadilisha ikiwa imesimama kabisa, au bado inaserereka? Ulisikia mlio kabla? Jana iliingia vizuri? Spana zilikuwa bado kwenye gunia. Robota lilikuwa juu. Akaagiza lishushwe kwanza, maana kushusha hakuhitaji gia, na magurudumu yakawekewa magogo.

Kisha akaomba injini izimwe na akaijaribu stiki kwa vidole viwili. Si kwa mkono mzima, na hili aliniambia bila kuulizwa: mkono mzima una hasira, vidole vinasikia. Kama stiki ingekubali injini ikiwa imezimwa na kukataa inapowaka, angeiacha gia boksi na kuhamia kwenye klachi, kutazama kama haiachii, kama kuna hewa kwenye bomba au masta silinda inavuja. Stiki ilikataa hata kwenye ukimya. Basi akafungua bamba la sakafu chini ya miguu ya dereva, ili azichomoe fimbo zinazoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye gia boksi na kuujaribu ule mkono mdogo wa chini peke yake.

Hakufika mbali. Asiyewahi kukaa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hawezi kujua nyuzi zinavyosafiri. Zinaelea hewani msimu mzima, nyepesi, nyeupe, zinaingia kwenye nywele, kwenye kikombe cha chai, kwenye rejeta ya foklifti mpaka injini inachemka. Zinapokuta grisi zinatua. Vumbi jeusi la mbuga linatua juu yake. Grisi nyingine inapakwa juu ya hilo vumbi na kijana mwenye haraka, nyuzi nyingine zinakuja, na baada ya misimu kadhaa kwenye viungo vya zile fimbo panaota kitu kigumu, cha kijivu, kinachokatika kwa kisu tu. Chini ya bamba hilo fimbo ya mbele na nyuma ilikuwa imefunikwa kabisa na kitu hicho. Ilikuwa haiwezi kurudi mwisho wa safari yake. Gia haikutoka kabisa, haikuingia kabisa, na kila dereva alikuwa anaongeza nguvu kidogo kuliko wa jana.

Mzee alichukua kisu kidogo cha kumenyea viazi, akaketi chini, akakwangua. Akakwangua pande zote, hata pasipogusana na kitu. Akaosha kwa dizeli na brashi, akafuta kwa kitambaa, akapaka grisi kiasi cha kung'arisha chuma, basi. Halafu akawaambia vijana waisukume mashine kidogo mbele, kidogo nyuma, ili mzigo utoke kwenye meno ya gia. Kwenye kusukuma kwa tatu au nne stiki ikarudi katikati kwa mlio mdogo ambao mimi nisingeusikia asingeinua kidole. Gia boksi yenyewe haikufunguliwa hata nati moja.

Siku nyingine hufunguliwa. Ndani, kati ya fimbo mbili za uma zinazosukuma gia, kuna gololi ndogo ambazo kazi yake ni ulinzi: fimbo moja ikitoka, gololi inaifungia nyingine isitoke. Zikilika, au matundu yake yakipanuka, gia mbili huingia kwa pamoja na magurudumu hayaendi popote. Mzee huligundua hilo kabla ya kifuniko kuondolewa: anachomoa fimbo za nje, anajaribu mkono wa chini, anapiga jeki magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoendesha foklifti, na kuyazungusha yote mawili upande mmoja. Yakigoma huku klachi imekanyagwa, anajua aende wapi. Oili anaimwaga kwenye beseni safi na kuitazama juani. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Chenga za rangi ya shaba ni ringi za kulinganisha mwendo wa gia zimeanza kuisha; vipande vya chuma vyenye pembe, vilivyoganda kwenye sumaku ya nati ya kumwagia, ni jino.

Nje kwanza ndipo ndani, rahisi kwanza ndipo ghali. Mpangilio huu si siri, na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA nao hufundisha kuanza na dalili. Kinachopotea ni uvumilivu wa kuufuata wakati bosi amesimama nyuma yako na simu sikioni. Kijana wa leo akisikia gia imekwama anauliza bei ya gia boksi nzima Mwanza au Dar, iliyotolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa usiojulikana. Inapakiwa kwenye basi, inafika kwa lami ya Lamadi kesho yake, inafungwa, na mashine inatembea. Simlaumu sana. Analipwa kwa mashine kutembea, si kwa kujua kwa nini ilisimama, na tajiri anayelipa milioni kwa kifaa huona uchungu kumlipa mzee elfu hamsini kwa kukwangua uchafu. "Ulifanya nini hasa?" nimesikia aliulizwa hivyo, mbele ya watu. Alikunja gunia lake akaondoka bila kujibu.

Wanafunzi wake wamekuwa wengi, waliobaki ni wachache. Mmoja anaendesha bodaboda. Mwingine, ambaye Mzee husema ndiye aliyekuwa na masikio, yuko Geita kwenye machimbo, na inasemekana anaheshimiwa huko.

Msimu uliopita foklifti ileile iligoma tena. Mzee alikuwa Itilima msibani, na hawakumngoja. Gia boksi ikashushwa, nyingine ikapandishwa, kazi ikaendelea jioni hiyohiyo. Aliporudi akaomba jambo moja tu: aoneshwe ile iliyotolewa, aifungue kwa muda wake mwenyewe, bila malipo. Akaambiwa wamekwishaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo. Akauliza kama kuna aliyetazama oili yake kabla haijamwagwa. Hakuna. Akauliza kama waliinua bamba la sakafu. Dereva akasema bamba hilo limekaza sana, nati zake zimeshika kutu, halijafunguliwa tangu siku ile alipolifunga yeye.