Kitendawili Kikitiwa Gazetini

Mtegaji husema "Kitendawili", nao wasikiao huitikia "Tega". Wakishindwa, hudaiwa mji. Wala mtegaji hatoi jibu mpaka apewe mji autakao. Katika desturi hiyo umo ufundi wa fani nzima: jibu lina bei, na aliyeshindwa hukiri mbele ya wenziwe. Gazeti lichapalo fumbo juu na jibu lake chini limeiondoa bei hiyo. Msomaji huteremsha jicho, akapata asichokitolea jasho.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi imo katika uteuzi. "Kuku wangu katagia miibani": jibu lake ni nanasi. Mtoto wa Kiomboi, katika nchi ya Wanyiramba, amjua kuku vyema, na miiba aijua zaidi. Lakini nanasi ni tunda la nchi zenye mvua nyingi kuliko hiyo yake ya mtama na uwele. Swali ni lake, jibu ni la mwenziwe. Akishindwa, akili yake haikupungua, ameulizwa asichokizoea. Hapo ndipo "Nyumba yangu haina mlango" kinapoonyesha ubora wake, maana yai liko pwani na bara.

S. S. Farsi alikusanya vitendawili vya Unguja, vikachapwa mwaka 1958. Kazi hiyo ni hazina. Lakini hazina ya Unguja haiwezi kuwa kipimo cha Iramba. Mwalimu apimaye werevu kwa kitabu kimoja hupima safari za mtoto, wala hapimi akili yake. Vitendawili vya Kinyiramba navyo vyastahili kuingia darasani, kabla wategaji wake hawajanyamaza.