Saa Nyingi Nyuma ya Sikio

Kabla kisu hakijagusa ngozi, sindano nyembamba huchomekwa kwenye misuli ya uso wa mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi, karibu na jicho na pembeni mwa mdomo. Hizo ni elektrodi, na zitakaa humo mpaka mwisho. Neva ya uso ikiguswa kwa nguvu isiyostahili, spika iliyo pembeni ya meza italia. Kinachoondolewa ni uvimbe, lakini watu wote chumbani watashinda wakiiwazia neva hiyo.

Uvimbe wenyewe si saratani. Huota kwenye neva ya nane ya kichwa, ile inayobeba usikivu na mizani ya mwili, ukianzia kwenye seli za Schwann zinazoifunika. Hapo ni ndani ya kijifereji cha mfupa kinachotoka sikio la ndani kwenda ubongoni, na neva ya uso imepita humohumo. Kwa kawaida uvimbe huu hukua polepole, milimita moja au mbili kwa mwaka, na kuna unaokaa miaka bila kuongezeka. Kwa hiyo ulio mdogo mara nyingi huachwa, ukafuatiliwa kwa picha za MRI. Tuchukue mgonjwa ambaye wake umeshatoka kwenye kijifereji na unasukuma shina la ubongo, na sikio la upande huo limekwisha kuwa karibu kiziwi. Kwake inafaa kupita katikati ya sikio la ndani. Usikivu uliobaki upande huo utapotea wote, naye ameelezwa hivyo mapema.

Mwaka 1894 huko London, Charles Ballance aliutoa uvimbe wa aina hii kwa kupenyeza kidole kati yake na ubongo. Mgonjwa aliishi, ila uso ulipooza upande mmoja na jicho likaja kuondolewa. Harvey Cushing, katika kitabu chake cha mwaka 1917, alitetea kuchota nyama ya ndani tu na kuliacha ganda, kwa sababu kutoa vyote kulikuwa kukiua. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatokea William House wa Los Angeles, aliyesomea udaktari wa meno kabla ya utabibu. Mkono uliozoea drili ya meno, ukisaidiwa na hadubini ya upasuaji, uliifufua njia ya kupita sikioni, ambayo wengi walikuwa wameshaikatia tamaa.

Mpasuaji anakata ngozi kwa mkato uliopinda nyuma ya sikio, anaifunua, na mfupa unaonekana mweupe. Anaanza na kichwa kikubwa cha drili chenye meno. Mkono wa kulia unachonga, wa kushoto umeshika mrija unaomwaga maji na kuyafyonza pamoja na vumbi la mfupa, maana bila maji joto la drili peke yake lingetosha kuiua neva. Hachimbi shimo la kwenda chini moja kwa moja. Anapanua kingo kwanza, ili kila hatua ya kina ionekane vizuri kutoka juu. Rangi ndizo zinazomwongoza: buluu ikianza kujitokeza chini ya mfupa, hapo pana mshipa mkubwa wa damu, waridi kwa upande wa juu ni utando wa ubongo. Sikio lake nalo linafanya kazi, kwa kuwa mlio wa drili hubadilika mfupa unapokuwa mwembamba.

Akikaribia neva ya uso anabadilisha kichwa cha drili na kuweka cha almasi, kinachosaga badala ya kukata. Mifereji mitatu ya nusu duara, inayotupa mizani, inafunguliwa na kuondolewa mmoja baada ya mwingine. Juu ya neva anaacha mfupa kama ganda la yai, na neva inaonekana kwa ndani bila kuguswa. Kisha anakizunguka kile kijifereji, akisaga robo tatu ya mzingo wake. Mwishoni kabisa kuna kibanzi cha mfupa kilichosimama wima, kinachoitenga neva ya uso na neva ya mizani. Wapasuaji wamekipa jina la House mwenyewe, Bill, kifupi cha William. Akikiona hicho, anajua neva ya uso iko upande upi.

Saa kadhaa zimepita, na uvimbe ndiyo kwanza unafikiwa.

Utando unafunguliwa. Kijiti cha umeme hafifu kinapitishwa juu ya uvimbe, na spika ikinyamaza, hapo pana usalama. Katikati panachotwa kwa chombo cha mawimbi ya sauti kinachovunja na kufyonza nyama, mpaka ganda linajikunja kwa ndani. Cushing angelitambua wazo hili. Sasa inakuja sehemu ngumu kuliko zote: neva ya uso imesukumwa na kutandazwa, nyembamba kiasi kwamba bila hadubini na umeme ni vigumu kuitofautisha na ganda. Mpasuaji anausogeza uvimbe utoke kwenye neva, wala haivuti neva itoke kwenye uvimbe. Spika inakwaruza. Mikono inasimama. Anamwagia maji, anangoja, anaanza tena mahali pengine.

Pengine kipande cha mwisho kinakataa kabisa kubanduka, na mpasuaji anakiacha. Kwangu mimi huo ndio umahiri wenyewe, kwa kuwa baada ya kutwa nzima ya kazi, kumaliza kabisa kunashawishi. Masalio yakija kukua yanaweza kupigwa mionzi iliyolengwa, tiba ambayo Lars Leksell aliitumia kwa uvimbe huu Stockholm mwaka 1969.

Shimo linajazwa vipande vya mafuta yaliyotolewa tumboni mwa mgonjwa, ili maji ya ubongo yasivuje. Akizinduka anaambiwa afumbe macho kwa nguvu, kisha atabasamu. Uso hupimwa kwa daraja sita, daraja la kwanza likiwa uso usio na kasoro.

Nawe msomaji, ukiona sikio moja tu linapoteza usikivu au linavuma bila kukoma, usilisingizie nta wala umri. Nenda ukapime usikivu, na ukiambiwa masikio yako hayalingani, uliza kuhusu MRI. Uvimbe mdogo humpa daktari nafasi ya kuchagua.